Mjane Aliyetabasamu Kila Ukurasa

Shangazi yangu, aliyekuwa amestaafu ualimu wa Kiswahili, alinikabidhi mswada wa riwaya yake fupi nilipomtembelea nyumbani kwake Soweto, Moshi, akaniomba niupitie kwa kalamu nyekundu bila kumwonea haya. Ilikuwa hadithi nzuri ya mjane anayeuza ndizi, nami niliipenda tangu mwanzo. Lakini karibu kila ukurasa mjane yule alisema jambo "huku akitabasamu", na pale asipotabasamu alishusha pumzi au alitikisa kichwa. Nilipomsomea sura ya pili kwa sauti, Shangazi alinikatiza. "Mwanangu, mbona huyu mama hana kingine cha kufanya?"

Wazo lake la kwanza lilikuwa kubadilisha maneno, "alisema" liwe "alinena", "alitamka" au "alibainisha". Nilimpinga kwa heshima, kwa sababu "alisema" hupita bila kumsumbua msomaji, ilhali "alibainisha" humsimamisha njiani. Tena mazungumzo yakiandikwa vizuri, mara nyingi hayahitaji kitenzi chochote cha kuyasindikiza. Tulihitaji kumjua mjane upya, kwa hiyo kesho yake tukaenda soko la Mbuyuni.

Huko tulimkuta mama mmoja akikata chane za ndizi aina ya mchare kutoka kwenye mkungu. Utomvu ulikuwa umemganda vidoleni hadi ukawa mweusi, na mteja alipotaja bei ya chini, mama yule hakuguna wala hakutikisa kichwa: aliendelea kukata, kisha akaichukua ile chane iliyokuwa ikibishaniwa, akaigeuza juu ya gunia ili upande wake mzuri umwelekee mteja. Shangazi alinifinya mkono. Jioni ile alifuta tabasamu moja baada ya nyingine, na mahali pa nyingi hakuweka kitu, maana maneno ya mjane yalijitosheleza. Penginepo aliweka vidole vyenye utomvu, kisu na chane iliyogeuzwa.

Takriri, yaani marudio, moja tu alikataa katakata kuigusa, ya mjane kufungua fundo la kanga na kuhesabu fedha. Nilikubaliana naye kabisa, kwani kila fundo lilipofunguliwa hali ilikuwa nyingine: mwanzoni ilikuwa ada ya mtoto, baada ya matanga ikawa deni la jeneza, na mwishoni nauli ya kuondokea. Tulichofuta katika sehemu hizo tatu ni kule kushusha pumzi tu.