Mtwara hadi Kilwa kwa wawili: shika kalenda ya mwezi kabla ya kulipia chumba

Wanandoa wengi wanaotaka kuitembea pwani ya Kusini huanza kwa kutafuta chumba chenye dirisha la baharini. Chumba kitapatikana. Kinachoharibu safari za huku ni maji. Mnafika Songo Mnara, kisiwa cha magofu huko Kilwa, bahari imetoka, nahodha anatia nanga mbali, na muda wa kuangalia magofu unaishia kwenye tope la mikoko, viatu mkononi. Au mnafika Msimbati, karibu na Mtwara, maji yamejaa mpaka juu, na ule ufukwe mliokuja kuutembea haupo. Kwa hiyo kabla ya kumtumia mtu yeyote hela ya oda, chukueni kalenda yenye tarehe za Kiislamu na mjenge safari yenu juu ya hiyo.

Hesabu yake si ngumu. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku majira husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Tarehe 1 hadi 4 na 15 hadi 18 za mwezi mwandamo ni bamvua, yaani maji makubwa. Siku hizo, kwa pwani yetu, maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, na hutoka karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3, kwa hiyo mwamba unaoukuta mkavu asubuhi, jioni boti inapita juu yake. Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu. Hapo mambo hugeuka: maji hujaa karibu na saa 4 asubuhi, hupwa karibu na saa 10 alasiri, na hayaendi mbali wala hayarudi kwa nguvu.

Sasa tazameni inavyopangika. Ufukwe wa Msimbati unataka bamvua: asubuhi mnatembea kwenye mwamba ulioachwa wazi, alasiri mnaoga kwenye maji mengi. Songo Mnara inataka maji yanayojaa asubuhi. Kati ya bamvua na maji mafu kuna siku sita au saba, muda unaotosha kabisa kutoka Mtwara kwenda Kilwa bila kukimbizana. Basi mwe Msimbati tarehe 16 ya mwezi mwandamo, maji yakijaa saa 10 alasiri. Mkifika tarehe 22, majira yatakuwa yamesogea kama saa tano, na Songo Mnara itajaa karibu na saa 3 asubuhi. Mkianzia Kilwa kushuka Mtwara, anzeni tarehe 8 au 9 mmalizie kwenye bamvua ya katikati ya mwezi. Atakayewapangia safari bila kuwauliza tarehe ya mwezi hajui anachokiuza.

Kuhusu majira ya mwaka, sisi tunapendelea Septemba hadi katikati ya Novemba. Kusi limeshatulia, kaskazi halijaanza kuvuma sawasawa, mvua bado. Juni hadi Agosti hewa ni ya kupendeza na jua si kali, lakini kusi huamka kadiri jua linavyopanda. Safari ya chombo iwe alfajiri, na ikifika saa 6 mchana mwe mmesharudi. Julai hadi Oktoba nyangumi hupita huku nje, na mwenye bahati huwaona. Kuanzia Desemba mpaka Aprili ni mvua, na barabara za udongo hazina huruma. Oktoba na Novemba zina shida yake moja: ni msimu wa korosho, wanunuzi na wasafirishaji wanajaa mjini, na chumba cha Mtwara kinataka kushikwa mapema kuliko cha Kilwa. Angalieni pia Ramadhani. Mchana migahawa mingi ya Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani hufungwa, na kula barabarani mbele ya wafungaji si adabu. Jioni, kwa upande mwingine, meza za futari hazina mfano.

Gari. Kwa lami ya Mtwara, Lindi na Kilwa gari dogo linatosha. Kwa Msimbati chukueni gari la juu linalovuta magurudumu yote manne, hata kama ni la kukodi siku moja tu na dereva wake. Mtwara hadi Lindi ni kama kilomita 105, Lindi hadi Kilwa Masoko kama 190. Kwenda na kurudi ni 590. Ongezeni 90 za Msimbati na 40 za kuzungukazunguka, jumla 720. Kwa gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita, hiyo ni lita 72. Wekeni bajeti ya lita 80, maana kiyoyozi na mchanga vinakula. Jazeni Mtwara, ongezeni Lindi. Vijijini mwendo ni 50, na askari wenye tochi za kupima mwendo wanajua hasa ni kibao kipi madereva hawakioni. Faini ni 30,000 kwa kosa, na makosa mawili yanatosha kula hela ya samaki wa siku nzima. Kizima moto na pembetatu viwe ndani ya gari, mahali mnapoweza kuvitoa bila kushusha mabegi.

Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo kuna kiingilio, na risiti yake itunzwe kwa sababu mnaweza kuombwa tena. Tokeni Mtwara saa 1 asubuhi. Njiani mtapita Madimba, kwenye mtambo wa kusafisha gesi. Simu iwe mfukoni, pale hapapigwi picha. Mchanga unapoanza kuwa mlaini, simameni kabla ya kukwama, punguzeni upepo wa matairi hadi paundi 18 hivi. Tairi likilegea linatandaza uzito, halichimbi. Kosa la kawaida ni kukanyaga mafuta gari linapozama: magurudumu yanajichimbia kaburi mpaka tumbo la gari linakaa chini. Likianza kuzama, acheni kabisa. Ondoeni mchanga mbele na nyuma ya kila tairi kwa mikono au koleo, halafu rudini nyuma polepole kwenye alama zenu wenyewe. Beba pampu ya kujazia, kwa sababu kurudi kwenye lami na paundi 18 kunachana tairi. Msiegeshe kwenye mchanga mbichi hata kama umekakamaa vizuri saa 4 asubuhi. Saa 8 maji yanakuja. Na jioni hiyo hiyo gari lioshwe chini kwa maji baridi, chumvi haingoji kesho.

Kuendelea mbele kuelekea mtoni kwa ajili ya kuona Msumbiji tu, tunashauri muache. Upande wa pili ni Cabo Delgado, ambako mapigano yapo tangu 2017, na vijiji vya mpakani si mahali pa kujitokeza na kamera bila kutoa taarifa kwa uongozi.

Mikindani msiifanyie siku yake peke yake, iko kilomita kama 10 tu kutoka Mtwara na barabara ya Lindi inapita hapohapo. Tokeni asubuhi na mabegi yenu, mshuke kwa saa tatu. Boma la Wajerumani lilijengwa mwaka 1895, na ukilipanda unaiona ghuba yote ya mviringo na mapaa ya mji wa kale chini yake. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Raha hasa ya Mikindani ni vichochoro: milango ya kuchonga, baraza, kuta za matumbawe zinazomenyeka chokaa mkaona jinsi jiwe na udongo vilivyopangwa. Ziangalieni vizuri, kwa sababu ndizo kuta hizohizo mtakazozikuta Kilwa zikiwa na karne nyingi zaidi. Wazee wakiwa barazani, shikamoo kwanza, picha baadaye na kwa ruhusa.

Lindi ni mahali pa kulala usiku mmoja. Jioni kaeni ufukweni, mle pweza, na kama kuna mama anauza ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha, nunueni fungu la kesho njiani. Wengi wanauliza kuhusu Tendaguru, kilima walichochimba Wajerumani mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosaria) kati ya 1909 na 1913. Mjusi mwenyewe anasimama Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Kilimani hakuna kilichosimamishwa cha kumwonyesha mgeni, na njia yake inataka kiangazi, gari imara na mtu anayeijua. Kwa safari fupi kama hii, tunaitoa.

Kutoka Lindi nendeni hadi Nangurukuru, mkate kulia kuelekea baharini. Kilwa Kivinje iko upande huu, ipitieni kabla ya Masoko. Ni mji ulionenepa kwa biashara ya pembe na watumwa karne ya 19, na hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga, mwaka 1895. Nendeni mkiwa kimya kidogo, saa mbili zinatosha.

Sasa Kilwa Kisiwani, kisiwa cha magofu ng'ambo ya Masoko, na hapa ndipo siku nzima inapostahili. Utaratibu ni huu: kibali na malipo vinamalizwa Kilwa Masoko kabla ya kupanda chombo. Lipeni kwa namba ya kumbukumbu ya serikali, chukueni risiti, mpewe mwongoza wageni. Watu wanaoshuka moja kwa moja kwa mwenye mashua hurudishwa wakiwa wameshafika, au hulipa mara mbili. Mlango wa bahari ni kama kilomita 2. Mashua ya tanga inavuka vizuri asubuhi, lakini kusi likiwa kali chukueni ya injini. Semeni bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja, na muulizeni nahodha jaketi okozi kabla ya kutaja hela. Mbili, moja kila mtu, zinazofunga.

Kisiwani wengi huishia Gereza, ile ngome ya kale, na Msikiti Mkuu, wakapiga picha, wakarudi. Ni hasara. Kwenye Msikiti Mkuu simameni mahali ambapo sehemu ya kaskazini, ile ya kale iliyoanza karne ya 11, inakutana na upanuzi wa karne ya 14. Ya kale ni ndogo na ilikuwa na dari bapa. Mpya imejaa kuba na matao. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, lakini palipohitaji nakshi mafundi walitumia tumbawe bichi lililotolewa baharini, linalochongeka likiwa na maji na kukaza likikauka. Gusa kwa macho tu, chumvi ya mikono inayala. Mashariki ya hapo kuna Husuni Kubwa, juu ya mwamba ulioinamia bahari. Ni jumba alilolijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogelea la pembe nane, na halikumalizika. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331, katika utawala wa sultani huyohuyo. Mwaka 1505 Wareno wakaja, wakapora. Njia ya Husuni haina kivuli cha kutosha, kwa hiyo anzeni na Husuni asubuhi na msikiti mje nao mchana, kinyume cha wanavyofanya wengi. Lita 2 za maji kila mmoja. Kanga au kikoi kwa wote wawili, kwa sababu mnapita kijijini kwa watu na mnaingia misikitini, hata iliyobomoka.

Kisiwani na Songo Mnara kwa pamoja viliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, vikawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, vikatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta na kuzuia bahari isile ufukwe. Songo Mnara ni safari ya zaidi ya saa moja kwa injini. Ondokeni saa 12 asubuhi ile tarehe 22 yenu, mfike maji yakiwa bado yanapanda, boti iingie karibu. Mna kama saa tatu za kutembea kati ya nyumba, matao ya milango na misikiti. Saa 5 mrudi chomboni, maana maji yakishuka mikoko inafunga njia. Viatu viwe vya kuloa, vyenye soli ngumu, kwa sababu ya miiba na chaza. Simu ndani ya mfuko wa plastiki.

Kwa wawili, jambo moja la mwisho la mpango: mmoja akiwa mtu wa magofu na mwingine mtu wa ufukwe, gaweni siku kabla hamjaondoka. Usiku mbili Mtwara, mmoja Lindi, nne Masoko, hapo kila mtu ana siku yake na siku moja ya akiba, ambayo upepo ukigoma ndiyo itawaokoa.

Mnaosafiri kwa basi, mabasi ya Dar yanatoka Mtwara asubuhi mapema na kuwashusha Nangurukuru. Aulizwe kondakta kabla ya kukata tiketi kama nauli ni ya Nangurukuru au ya Dar nzima. Hapo kuna magari madogo ya kwenda Masoko. Kurudi ndiko kugumu: basi linalotoka Dar hupita Nangurukuru likiwa limeshajaa, na wawili wanaotaka kukaa pamoja hujikuta mmoja mbele na mwingine juu ya kigoda. Pigeni simu siku moja kabla kwa wakala wa Nangurukuru, lipieni viti viwili kwa majina, na mwe barabarani saa 4 asubuhi.