Sanduku la Baba na jina la Ami

Jumamosi baada ya Isha tulitandika mkeka sebuleni kwa Baba, hapa Ngamiani, tukalivuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Ni la mninga, lina kufuli mbili, na ukilifungua linanuka kafuri na karatasi kuukuu. Kila Desemba tunaifanya kazi hii ya kupitia hati na risiti za familia, mimi na mdogo wangu, Mama akitushikia tochi. Nimewatunzia wafanyabiashara wa Tanga vitabu vya hesabu kwa miaka ishirini na mbili, lakini hakuna hesabu inayonitoa jasho kama hii ya nyumbani.

Mungu ametujaalia. Tuna nyumba tatu, fremu sita za maduka, shamba la michungwa Muheza na kiwanja kimoja Pongwe. Zamani viwanja vya Pongwe vilikuwa viwili.

Ya kodi nayasema upesi, maana ndiyo mepesi. Kwa anayehesabu mwaka Januari hadi Desemba, awamu ya nne ya kodi ya mapato mwisho wake ni tarehe 31 Desemba, na ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka huo, hupelekwa kabla ya Juni inayofuata kwisha. Mpangaji anayekukata 10% ya pango kama kodi ya zuio, mdai hati yake sasa, akishahama hutampata. Kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme, lakini kodi ya pango la ardhi haimo humo, na wengi huchanganya hizi mbili mpaka malimbikizo yakawafika shingoni. Na risiti za saruji, nondo na fundi zitunzeni. Siku mkiuza nyumba, mkazi hulipa 10% ya faida, na faida huhesabiwa baada ya kutoa gharama mnazoweza kuzithibitisha.

Kodi ya mirathi hatuna. Mteja wangu mmoja aliishi miaka mingi Uingereza, ambako serikali hudai 40% ya mali ya marehemu inayozidi kiwango kilichowekwa, akaja kwangu na wasiwasi huohuo. Nilimwambia huku asiihofie kodi hiyo, aende akaangalie hati zake zina majina ya nani.

Nayasema haya kwa uchungu. Baba alizaliwa 1949. Aprili 1971 alikuwa karani kijana katika duka la vitambaa mjini, ilipopita sheria ya kutwaa majengo. Jengo la kupangisha lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 likawa la serikali, chini ya Msajili wa Majumba, na lililozidi umri wa miaka kumi halikulipwa fidia. Tajiri wake alikuwa na ghorofa moja, jasho la maisha yake yote. Baba anasimulia kwamba asubuhi ile mzee alikuja dukani, akakaa juu ya jora la marekani, wala hakugusa mkasi mpaka jioni.

Baba akatoka na somo moja: usionekane una vingi. Alipoanza kununua mali, nyingi aliandikisha kwa majina ya ndugu. Viwanja vya Pongwe, mwaka 1988, vikaandikwa jina la Ami, mdogo wake. Simlaumu. Aliyaona kwa macho yake.

Ami alifariki 2011. Wanawe wakafungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, msimamizi akaorodhesha mali, na Pongwe ikiwamo. Hawakudhulumu mtu, karatasi ilisema ni ya baba yao. Sisi tulikuwa na neno la Baba tu, na jirani aliyeshuhudia pesa zikihesabiwa alikwisha tangulia mbele ya haki. Tulikaa vikao vinne. Tukatoka na kiwanja kimoja, na watoto wa Ami hawakuhudhuria harusi ya mwanangu. Wale ni watu niliokula nao sahani moja. Na tangu ilipoamuliwa kwamba bomba la mafuta kutoka Hoima liishie Chongoleani, madalali hawatuachi, na kila bei ikitajwa kidonda kinatoneshwa.

Kumbe fremu mbili bado zina jina la Shangazi, na shamba la Muheza lina jina la Babu, aliyefariki 1983. Mwaka jana nilipomgusia Baba, alinikazia macho: "Wanizika ningali hai?" Nikanyamaza. Aliyejibu ni Mama, taratibu: "Mwenzangu, wewe ukitangulia, mimi nitamweleza nani kwamba nyumba hii ni yangu?"

Nadhani hilo ndilo lililomchoma. Tukamwita sheikh wa mtaa. Akatueleza kwamba mke mwenye watoto fungu lake ni thumuni, moja ya nane, na wasia hauzidi thuluthi, wala haufanywi kwa mrithi ila warithi wengine waridhie. Kama Baba anataka nyumba hii iwe ya Mama, ampe hiba akiwa hai, na hiba haitimii bila makabidhiano. Mimi nikaongeza la kwangu: na jina libadilishwe ardhi, maana ofisini hawasomi nia.

Basi Jumamosi hiyo Baba aliipekua bahasha ya kaki mpaka akaitoa hati ya nyumba. Mikono yake hutetemeka siku hizi. Akamkabidhi Mama mbele yetu na majirani wawili: "Nimekupa, na nimekukabidhi." Mama akaipokea kwa mikono miwili, akaikunja ndani ya kanga, akainuka kwenda chumbani bila kusema neno. Tulimsikia akilia.

Mirathi ya Babu tutaifungua Januari, na najua itatuchukua muda. Fremu hazisubiri: Jumatatu saa mbili asubuhi tuna miadi ofisi ya ardhi, na Shangazi amesema tumpitie Makorora na bajaji, yeye atakuwa ameshavaa.