Mwaka Nilioionea Huruma Okidi

Shangazi aliposafiri aliniachia okidi saba, kopo lake la kumwagilia lenye mdomo mrefu, na onyo moja. Onyo lenyewe lilihusu dendrobiamu, ile aliyoiweka peke yake kwenye dirisha linaloingiza jua la asubuhi.

"Hiyo, baridi ikiingia, uisahau," alisema. "Hizi nyingine zitakwambia zenyewe zikiwa na kiu. Hiyo, mwanangu, ifanye kama haipo."

Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa na haraka ya kuonekana najua.

Zile sita hazikunisumbua. Zilikuwa falaenopsisi, zenye majani mapana na maua yanayofanana na nondo aliyekunjua mabawa, zimepandwa kwenye vipande vya magome ya mti ndani ya vyungu vya plastiki angavu. Unaangalia mizizi tu. Ikiwa ya kijani, ina maji. Ikigeuka rangi ya jivu, ina kiu. Ganda la nje la mzizi wa okidi ni kama sifongo ya seli zilizokufa: ikijaa hewa inaonekana jivu, ikijaa maji ule ukijani wa chini yake unajitokeza. Wakati wa joto nilivitumbukiza vyungu kwenye ndoo kwa dakika kumi hivi, nikaviacha vichuruzike, na baada ya siku sita au saba mizizi ilikuwa jivu tena. Baridi ilipoanza zikawa zinafika siku kumi, hata kumi na mbili. (Watu wengi huua okidi kwa kuipangia siku ya maji. Jumapili ni Jumapili, liwe jua iwe mvua. Okidi haijui Jumapili.)

Dendrobiamu ndiyo iliyonishinda.

Wiki chache ndani ya baridi, majani ya mashina yake makubwa yakaanza kuwa manjano. Likaanguka moja, yakaanguka mawili, kisha ikawa kila nikiamka nayakuta sakafuni. Mashina yenyewe, manene kama kidole na yenye vifundo kama muwa, yakaanza kusinyaa. Nilipitisha kidole juu yake nikahisi mikunjo imeshuka kutoka kifundo hadi kifundo, kama ngozi ya mkono wa mzee. Ukikabidhiwa mali ya mtu, halafu ikawa inakauka mbele ya macho yako, neno "uisahau" linakuwa zito kulibeba. Nilivumilia siku tisa. Siku ya kumi nikaimwagia.

Mara ya kwanza kidogo. Halafu nikaiingiza kwenye zamu ya wenzake. Halafu nikaongeza mbolea, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, nikijiona mwangalifu sana. Usiku niliitoa dirishani, maana kioo kilikuwa baridi, nikaisogeza katikati ya chumba penye joto. Baada ya muda mikunjo ikapungua. Nakiri nilitembea na kiburi cha tabibu siku zile.

Baridi ilipokaribia kuisha, vifundo vikavimba. Shina la dendrobiamu limefunikwa na ngozi nyembamba kavu kama karatasi, na chini ya karatasi ile kikatokea kijipu cha kijani, ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti. Nikahesabu vitano kwenye shina moja na viwili kwenye jingine. Nikampigia simu.

"Shangazi, inachanua!"

"Ncha zake ni za mviringo au zimechongoka?"

Nikaenda kuangalia. Zimechongoka.

Akanyamaza. "Umeipa maji?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Nadhani mtandao ulikatika hapo, au mimi niliukata. Baada ya wiki kama mbili kila kijipu kilifunua vijani viwili, na baadaye chini ya vijani vile vikachomoza vimizizi vyeupe vyenye ncha ya kijani, vinaning'inia hewani bila pa kushika. Ua hata la dawa halikuwepo. Miche kama hiyo wanaofuga okidi huiita keiki, neno la Kihawai lenye maana ya mtoto. Nilisubiri maua nikapata watoto saba.

Shangazi aliporudi aliichomoa chunguni bila kunigombeza, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Akanieleza huku mikono ikifanya kazi. Dendrobiamu ya aina ile, nobile, kwao ni maeneo ya Himalaya na nchi za jirani hadi Thailand. Inaishi juu ya miti. Mvua za monsuni huipiga miezi kadhaa, kisha mvua hukatika na usiku huwa wa baridi. Ukavu ule na ubaridi ule ndio unaokifanya kifundo kitoe ua. Kikiendelea kupata maji, joto na mbolea, hasa yenye naitrojeni nyingi, kinadhani msimu wa kukua haujaisha, kinatoa mche.

"Na majani yaliyoanguka?"

"Huanguka kila mwaka."

"Na ile mikunjo?"

"Shina ni ghala. Ilikuwa inakula akiba yake."

Akashika mzizi mmoja wa kahawia akauvuta taratibu. Ganda lote likateleza likabaki vidoleni mwake, limelowa, na kilichobaki kwenye mmea kikawa uzi mwembamba mgumu kama waya. Akavuta wa pili, ukafanya vilevile. Magome yaliyolowa kwenye baridi hayakauki upesi, na mizizi nilikuwa nimeizamisha wiki baada ya wiki. Nilitamani anigombeze.

Alikata mizizi iliyooza, akaipanda upya kwenye magome makavu. Wale watoto aliwaacha juu ya mama yao mpaka mizizi yao ilipofika kama sentimita 5, ndipo akaja na kisu kisafi akawatenganisha. Siku hiyo alizibeba okidi zake zote saba na watoto watano. Wawili akaniwekea dirishani, kila mmoja kwenye kichungu kisichozidi kikombe.

"Hawa bado wachanga, hawapumzishwi kama mama yao," alisema. "Hawa unaruhusiwa kuwahurumia."

Kopo la kumwagilia aliondoka nalo.