Siku moja juu ya siku

Saa 12 asubuhi. Jua liko palepale, mwezi wa tano hapa Pond Inlet, kaskazini mwa Kanada, halizami, so mi hulala na blanketi limepigiliwa dirishani. Mi ni fundi wa skidu, zile pikipiki za theluji, na nikifika huku mara ya kwanza kilichonichekesha ni kwamba Wainuit, wenyeji wa huku, bahari ikishaganda waiita siku. Leo kazi yangu yote iko juu ya siku.

Saa 2. Mzee anayepima unene wa barafu kaja karakana, chuma cha kuvutia qamutik kina ufa. Nachomelea. Qamutik ndo lile gari lao la kuburutwa, mbao zafungwa kwa kamba badala ya misumari ili lijipinde kwenye matuta, yaani mtepe wa Lamu mtupu! Mzee akasema twende wote, kikikatika tena je?

Saa 4. Twaburuta kipimo. Chatuma mawimbi ya sumakuumeme chini, na vile maji ya chumvi yapitisha umeme kuliko barafu, chajua barafu imeishia wapi. Sentimita 140, 138, 142, mi nishaanza kusinzia.

Saa 7. Mzee kafunga breki. 90, na yazidi kushuka. Mi nilidhani penye theluji nyingi ndo salama, kumbe theluji ni blanketi, yaizuia baridi isifike chini barafu ikanenepa, na huko chini nako mkondo waila. Akashuka na chusa, anapiga anasikiliza, ko, ko, ko, halafu du. Chusa likipita kwa pigo moja hapo hata mguu huweki. Halikupita ila tuligeuza, tukazunguka karibu saa nzima. Ati zamani hapa walikuwa wakipita mpaka mwezi wa sita bila wasiwasi.

Saa 9. Chai, kwa vipande alivyochonga kwenye siwa barafu, yaani pande kubwa la barafu lieleealo baharini, lililokwama. Chumvi hakuna kabisa, lile limetoka nchi kavu.

Saa 12 jioni. Vipimo vimeshakuwa ramani, kijani pita, njano pole pole, nyekundu usijaribu. Ile kona ni nyekundu.

Saa 5 usiku. Mombasa kumekucha, mama katoka kuswali kapiga simu, siku ilikuwaje mwanangu? Nikamwambia sentimita 140. Akadhani ni mtandao, akakata akapiga upya.