Kuhamisha vitini vyangu vya uandishi kwenda toleo la saba

Wiki ya kwanza

Nimeanza kazi niliyoiahirisha kwa mihula mitatu. Ninafundisha uandishi wa kitaaluma kwa wanafunzi wa Kiswahili hapa Unguja, na vitini vyangu vyote nilivitunga kwa kufuata toleo la sita la mwongozo wa uandishi na marejeo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ule ambao sote tunauita APA tu. Toleo lile lilitoka 2009. La saba lilitoka Oktoba 2019, ila mwaka wa hakimiliki uliochapwa ndani ni 2020, kwa hiyo anayelitaja kwenye marejeo huandika 2020. Kuanzia muhula ujao kazi za wanafunzi wetu zitasahihishwa kwa toleo hilo jipya. Nina wiki saba.

Nilivyonavyo mkononi ni vitini 14, seti tisa za slaidi, mazoezi 22 na mwongozo mmoja wa kusahihishia. Toleo la sita lilikuwa na sura nane. La saba lina 12. Unukuzi ndani ya matini ulikuwa sura ya 6, sasa ni ya 8. Mifano ya marejeo imetoka sura ya 7 ikaenda ya 10. Kila mahali nilipoandika "tazama sura ya 6" panampeleka mwanafunzi pasipo. Mwongozo wenyewe ulianza 1929 ukiwa makala ya kurasa saba katika jarida, na leo umepita kurasa 400. Niliusoma wote kabla sijagusa kitini hata kimoja, na ninashukuru nilifanya hivyo, kwa sababu jambo nililolitafuta zaidi sikulikuta nilikodhani.

Jambo lenyewe ni hili. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja alinifuata baada ya kipindi akaniuliza, "Mwalimu, bibi yangu nimweke wapi?" Alikuwa anaandika kuhusu ngano za Micheweni, Pemba, kwao, na sehemu kubwa ya aliyoyajua aliyapata kwa bibi yake. Nilimjibu kwa toleo la sita: bibi haingii kwenye orodha ya marejeo, maana msomaji hana namna ya kuyapata maneno yake mahali popote. Andika herufi ya mwanzo ya jina lake, jina la mwisho, "mawasiliano binafsi", na tarehe.

Akaandika. Nilipokuwa nasahihisha ndipo nilipoona tulichokifanya. Kwetu mtu ana majina matatu: lake, la baba na la babu. Bibi aliyesimulia zile ngano alibaki herufi moja na nukta, na jina lililosimama wima kwenye karatasi lilikuwa la babu yake, ambaye huenda hakusimulia ngano hata moja. Mwanafunzi alipata alama zake. Mimi nilibaki na swali lake.

Wiki ya pili

Wiki ya kazi za mikono. Mji wa uchapishaji umeondolewa kwenye marejeo ya vitabu, kwa hiyo "Dar es Salaam:" na "Nairobi:" zote zimetoka. Pale mwandishi na mchapishaji walipokuwa taasisi moja, tulikuwa tukiandika neno "Mwandishi" kwenye nafasi ya mchapishaji. Sasa nafasi hiyo inaachwa. Kamusi ya Kiswahili-Kiingereza ya 2001, iliyotungwa na kuchapishwa na TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), imekuwa mstari mfupi na safi: taasisi, mwaka, jina la kamusi, basi. Wanafunzi huniuliza kama waandike TUKI au TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili), kwa kuwa taasisi ilibadili jina 2009. Jina ni lile lililochapwa kwenye kitabu alichokishika mwanafunzi. Hilo halikubadilika, lakini nimelipa kisanduku chake kwenye kitini, kwa sababu kila mwaka linarudi.

Kosa langu la wiki: niliiamuru programu itafute kila palipoandikwa "Dar es Salaam:" ifute. Ikafuta. Ikafuta hata ndani ya vichwa vya makala vilivyokuwa na jina la jiji likifuatwa na nukta pacha, vikabaki vimekatika katikati. Nilitambua siku ya pili, nikiwa nimeshahifadhi juu ya faili la zamani. Marejeo 61 niliyapitia moja moja nikilinganisha na nakala ya karatasi. Sasa kila jioni ninahifadhi faili jipya lenye tarehe kwenye jina lake.

Tasnifu nazo zimehama mabano. Ile iliyo kwenye rafu ya maktaba peke yake, ambayo haijawekwa mtandaoni, maelezo yake ya "tasnifu ya uzamivu isiyochapishwa" yalikuwa ndani ya mabano ya kawaida. Sasa ni mabano ya mraba, kisha jina la chuo bila mji. Wanafunzi wangu wanategemea sana tasnifu za namna hii, kwa hiyo nimeweka mifano minne badala ya mmoja.

Maneno "imepatikana kutoka" kabla ya anwani ya mtandao yameondoka, isipokuwa pale ukurasa unapobadilika mara kwa mara na tarehe ya kuusoma inahitajika. DOI, kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni, inaandikwa kama anwani kamili inayoanza na https. Kichwa kidogo cha juu ya kila ukurasa hakiwahusu tena wanafunzi. Fonti zimeruhusiwa kadhaa, Calibri 11 na Arial 11 zikiwamo, lakini sisi tunabaki na Times New Roman 12, ambayo nayo inakubalika.

Wiki ya tatu

Nimekaa na kifupisho kimoja kwa siku mbili. Toleo la sita lilitaka kazi ya waandishi watatu hadi watano itajwe kwa majina yote mara ya kwanza, kisha mara ya pili ndipo ifupishwe. La saba linasema waandishi wakiwa watatu au zaidi, fupisha tangu mara ya kwanza. Katika orodha ya marejeo ni kinyume: zamani majina saba ndiyo yaliyokuwa kikomo cha kuandikwa yote, sasa ni 20.

Kanuni ni nyepesi. Uzito uko kwenye Kiswahili. Kwenye kazi za wanafunzi nimekuta kifupisho cha Kilatini "et al.", nimekuta "na wenzake", "na wenz.", na hata "nk." Nimeamua ni "na wenzake", kwa ukamilifu, kila mahali. Kifupisho cha Kilatini kinakaa kama mgeni katika sentensi ya Kiswahili, na "na wenz." humfanya msomaji asimame. Aidha, "na wenzake" inaleta upatanisho wa kisarufi ambao lazima ufundishwe: mwandishi fulani na wenzake *wanasema*, si *anasema*. Zoezi la 9 sasa linahusu hilo tu.

Kwa nafasi hiyo nimepanga vifupisho vyote upya: uk. kwa ukurasa mmoja, kur. kwa zaidi ya mmoja, h.t. pasipo na tarehe, Mh. na Wah. kwa wahariri, Tol. kwa toleo. Mwongozo wa Kiingereza unatumia alama ya & kati ya majina yaliyo ndani ya mabano. Mimi ninaacha "na". Ni neno la herufi mbili. Alama haituokolei chochote.

Wiki ya nne

Arusi ya mdogo wangu. Hakuna kilichofanyika, isipokuwa slaidi za kitini cha 3.

Wiki ya tano

Sura ya 5 ya toleo jipya inahusu lugha isiyombagua mtu. Nilidhani ingekuwa nyepesi kwetu. Sehemu yake inayojadiliwa sana ni kiwakilishi kimoja cha Kiingereza, *they*, kinachotumika kwa mtu ambaye jinsia yake haijatajwa, na Kiswahili hakina shida hiyo: *anaandika* ni yeyote anayeandika. Nikaipita kwa aya moja.

Kisha nikafika kwenye watu wenye ulemavu, na hapo nikakaa wiki nzima. Kiswahili kina majina kama kipofu, kiziwi na kilema, ambayo kwa umbo yako ngeli ya KI-VI pamoja na kiti na kikombe, ingawa upatanisho wake katika sentensi ni wa kiumbe: kipofu *ameingia*. Katika vitini vya zamani niliandika kanuni moja tu: tanguliza mtu, kisha hali yake. Mtu mwenye ulemavu, mtu mwenye ualbino. Toleo la saba ni pana zaidi. Linakubali njia zote mbili, ya kumtanguliza mtu na ya kutanguliza utambulisho, na linamtaka mwandishi afuate namna wahusika wenyewe wanavyojiita.

Nikaangalia wanavyojiita hapa nchini. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimelibeba neno *viziwi* katika jina lake. Chama cha Wasioona Tanzania hakikusema *vipofu*, kimesema *wasioona*. Nchi moja, lugha moja, na majibu mawili tofauti yaliyotoka kwa wenyewe. Kanuni yangu ya zamani ingemfanya mwanafunzi alisahihishe jina ambalo viziwi wamejichagulia. Nimeifuta. Mahali pake nimeweka mifano hii miwili na zoezi: mwanafunzi atafute kundi analoliandikia linajiitaje, na aandike alilijuaje.

Sijawahi kukipenda kitini kama ninavyokipenda hiki cha 11.

Wiki ya sita

Bibi.

Jibu lilikuwa sura ya 8, katika sehemu ambayo toleo la sita halikuwa nayo: maarifa ya jadi na mapokeo simulizi ya watu wa asili. Iliandikwa kwanza kwa ajili ya mataifa ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, na mifano yake inatoka huko. Inasema kama masimulizi yamerekodiwa na yanapatikana, yataje kama chanzo kingine chochote cha aina hiyo. Kama hayakurekodiwa, mtaje msimulizi ndani ya matini kwa jina kamili, jamii yake, mahali anapoishi, na tarehe. Jina kamili, si herufi. Na kabla ya hayo, hakikisha amekubali kutajwa, na kwamba analolisema linafaa kuchapishwa, kwa kuwa maarifa mengine hayatolewi nje.

Sikutaka kuichukua na kuibandika tu. Nilijiuliza kama nina haki ya kuitumia kwa bibi wa Micheweni kanuni iliyotungwa kwa ajili ya watu wengine. Nimeona ninayo, maana sababu ni ileile: mtu anayebeba maarifa ya wengi na ambaye hakuandika kitabu. Lakini kwenye kitini nimesema wazi kanuni ilikotoka na kwamba matumizi haya ni uamuzi wa kozi yetu, ili mwanafunzi akiandika kwingineko asiseme mwongozo umeamuru.

Ilibidi pia nitenganishe mambo mawili ambayo zamani niliyachanganya. Kama mwanafunzi anafanya utafiti na bibi ni mmoja wa watoa taarifa, basi maneno yake ni data. Hayatajwi kama mawasiliano binafsi wala hayaingii kwenye marejeo. Yanaelezwa ndani ya kazi kuwa yametoka kwa washiriki, na jina linaweza kufichwa. Kama mwanafunzi anamtegemea bibi kama ambavyo angelitegemea kitabu, bibi ni chanzo, na chanzo kina jina. Mwanafunzi wangu alikuwa upande wa pili. Nilimpa jibu fupi mno.

Wiki ya saba

Swali la majina likanifuata hadi kwa waandishi. Shaaban Robert anaandikwa kwenye marejeo "Robert, S.", na ndani ya matini "Robert". Kwa kanuni ni sahihi, lakini Robert ni jina la baba yake, na hakuna mtu pwani hii anayesema "Robert ameandika". Muyaka bin Haji naye akigeuzwa anakuwa "Haji, M.", na msomaji hamjui huyo ni nani. Mwongozo unaruhusu mtu anayejulikana kwa jina moja, kama Plato, aandikwe hivyo bila kugeuzwa. Kwa Muyaka nimeutumia mlango huo. Kwa Shaaban Robert nimeacha mpangilio wa kawaida kwenye orodha, ila ndani ya matini ninawaruhusu waandike jina lote. Wasahihishaji wenzangu wawili wamekubali. Mmoja bado anataka "Robert" pekee, na nimeahidi kuzungumza naye kabla ya mtihani.

Vitini 13 vimekwenda steshenari kutolewa kopi. Cha 8, chenye mfano wa mapokeo simulizi, nilikizuia. Nilikuwa nimemwandikia yule mwanafunzi kumwomba ruhusa ya kutumia kazi yake kuwa mfano, na nikamwomba amuulize bibi yake mwenyewe, kwa sababu ruhusa ya mjukuu haitoshi.

Leo asubuhi amenipigia kutoka Pemba. "Shikamoo mwalimu. Bibi amekubali." Anataka majina yake yote matatu, na anataka iandikwe Micheweni, isiandikwe Pemba tu. Ila katika ngano tatu zilizomo, ile ya pili ameomba iondolewe. Alimsimulia mjukuu wake, hakuisimulia kwa ajili ya darasa.

Nimeitoa. Kitini cha 8 kina ngano mbili, na kesho kinakwenda steshenari.