Nilivyogeuza Saa za Injini Kuwa Miezi

Nilipotaka kununua injini ya dizeli iliyokwisha kutumika kwa ajili ya kinu changu cha kusagia posho hapa Busia, upande wa Uganda, muuzaji alinionyesha mita yake iliyosoma saa 1,460, akanihakikishia kwamba hiyo ni kazi ya miezi miwili tu. Hesabu yake yenyewe haikuwa na kosa: mwaka wa siku 365 una saa 8,760, ukizigawa kwa 12 unapata saa 730 kwa mwezi, na 730 mara mbili ni 1,460. Niliondoka nikiwa nimekubali nusu, na usiku ndipo nilipotambua kwamba mwezi wa saa 730 ni wa injini isiyozimwa usiku wala mchana, nami sijaona kinu kinachosaga hadi alfajiri.

Kesho yake nilirudi nikamwuliza mzee aliyekuwa na injini hiyo alikuwa akiiwasha na kuizima lini. Akasema aliiwasha saa mbili asubuhi, akaizima saa nane mchana, kila siku isipokuwa Jumapili. Huo ni muda wa saa 6 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni saa 156 kwa mwezi. Nilipogawa 1,460 kwa 156, nilipata miezi 9 na siku 11 hivi. Niliinunua, lakini kwa bei ya injini ya miezi tisa.

Kitabu cha injini kinaagiza oili ibadilishwe kila baada ya saa 250. Kwa mwendo wa yule mzee, saa hizo huchukua karibu majuma saba. Lakini wakati wa mavuno ya mahindi, tunaposaga kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku 25 tu zinazimaliza. Kwa hiyo nimeacha kabisa kupanga oili kwa tarehe. Huandika kwa chaki ukutani namba ambayo mita ikiifikia, injini inazimwa.

Jambo lililonisumbua zaidi ni tarakimu ya mwisho ya mita. Kijana anayenisaidia aliona 1,584.5 akaandika daftarini saa 1,584 na dakika 5, ilhali sehemu moja ya kumi ya saa ni dakika 6, hivyo hiyo 5 ni dakika 30. Tulikaa chini tukasahihisha kurasa mbili nzima za daftari, mstari kwa mstari.

Ukutani sasa pameandikwa 1,710. Leo tulipoiwasha injini saa moja asubuhi mita ilisoma 1,688.0, na kwa kuwa ni msimu wa mavuno, fundi nimemwita keshokutwa saa tatu asubuhi.