Kilomita 90,000, lakini injini imewaka kwa jumla ya saa ngapi?

Jana nimemsindikiza shemeji Changamwe kutazama pikapu iliyotoka kwa kontrakta. Dashibodi yasema kilomita 90,000. Muuzaji anajisifu, "Hii bado mbichi!" Fundi wetu kimya, akachomeka kimashine chake chini ya usukani mpaka zikatokea saa za injini: 6,000 na ushei. Gawanya mwenyewe: kama kilomita 15 kwa saa. Hiyo si gari ya safari ndefu, kwenda Voi na kurudi. Ni gari ya kusimama juani AC ikivuma, foleni ya feri Likoni, foleni ya Kibarani.

Injini ikiunguruma gari imesimama, oili inachoka vilevile, ila kilomita hazisogei. Ford, kwa gari zao za polisi, huhesabu saa moja ya namna hiyo kama maili 33 za barabarani, yaani kilomita 53 hivi. Wenye matrekta, jenereta na boti wanalijua hili zamani, servisi yao huenda kwa saa. Sisi wa magari tumeng'ang'ania kilomita tu (ambazo, tuseme ukweli, kuna wanaozirudisha nyuma).

Shemeji ameomba apunguziwe bei. Muuzaji amesema atampigia.